Hull: Mji Uliopokea Salamu Kutoka Ndotoni

Je, msomaji wangu, umewahi kuwa katikati ya ndoto halafu ukajiambia, "Aa, kumbe naota tu"? Wengi wetu tukifikia hapo tunashtuka na kuamka, kisha asubuhi tunaisimulia ofisini kwa kicheko wakati wa chai na chapati. Lakini wapo ambao wakigundua kwamba wanaota hawaamki. Wanabaki humohumo, akili timamu, wakichagua waende wapi, wamjibu nani na wasimkimbie nani. Hiyo ndiyo ndoto ya kujitambua: umelala fofofo, unaota, na unajua kwamba unaota.

Usidhani ni jambo la watu wachache wenye vipaji vya ajabu. Mapitio ya tafiti za miaka 50, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu, kama asilimia 55, wamewahi kuota hivyo angalau mara moja maishani. Karibu asilimia 23 huota hivyo mara moja kwa mwezi au zaidi. Kwa hiyo ukiwa kwenye daladala la watu thelathini, nusu yao wanaijua hali hii, ila hawana jina lake.

Na kama kuna mji ambao mpenzi wa mambo haya anapaswa kuukanyaga, si Paris wala New York. Ni Hull, mji wa bandari ulioko mashariki ya kaskazini mwa Uingereza, ambao watalii wengi hupita mbali nao. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu aliyelala aliwapelekea ishara walio macho, na mashine ikaipokea.

RELI INAPOISHIA

Unapanda treni London, stesheni ya King's Cross, na baada ya takribani saa mbili na nusu unashuka Paragon. Hapo reli imefika mwisho. Mbele ni mto Humber, na baada ya Humber ni Bahari ya Kaskazini. Hull umeishi kwa meli na uvuvi, mji wa watu wa kazi wasio na maringo. Mtu wa Dar, Tanga au Mombasa hajisikii mgeni sana huko. Kitakachokutia adabu ni baridi.

Mimi nilifika mwezi wa Aprili, kumfuata mume wangu aliyekuwa amepelekwa kozi fupi ya mambo ya bandari. Mtoto tulimwacha kwa bibi yake Tabata, tukajipangia wiki moja ya kwetu wawili baada ya kozi kwisha. Nilikuwa na sababu nyingine pia, na nitaifikia.

Cha kwanza utakachokiona mtaani ni vibanda vya simu. Kwingine Uingereza, si unajua, ni vyekundu. Vya Hull vina rangi ya krimu, kwa sababu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 mji huu ulikuwa na huduma yake wenyewe ya simu na haukujiunga na ile ya taifa. Yaani watu wa Hull wamezoea kuwasiliana kwa njia yao. Pengine ndiyo maana hata ile salamu ya ajabu ilianzia kwao.

ASUBUHI YA TAREHE 12 APRILI 1975

Chuo Kikuu cha Hull kiko barabara ya Cottingham, kaskazini mwa katikati ya mji, na mabasi yapo mengi. Utaona majengo ya matofali mekundu, nyasi zilizokatwa vizuri, na ghorofa ya maktaba ya Brynmor Jones, ambayo mshairi Philip Larkin aliiongoza kwa miaka 30, kuanzia 1955 hadi 1985. Ni chuo kama vyuo vingine, wanafunzi na mikoba yao wakiwahi darasani. Lakini humu ndimo lilimotatuliwa fumbo lililowashinda wengi.

Fumbo lilikuwa hili: ndoto husimuliwa baada ya kuamka. Mtu akikwambia "nilijua naota", utamwaminije? Habari zenyewe hazikuwa ngeni. Watawa wa Tibeti wamefanya mazoezi ya kujitambua ndotoni kwa karne nyingi. Mfaransa Hervey de Saint-Denys aliandika kitabu juu ya kuziongoza ndoto mwaka 1867. Daktari Mholanzi, Frederik van Eeden, ndiye aliyelieneza jina la kitaalamu la ndoto hizi katika makala yake ya mwaka 1913. Hata hivyo wanasayansi wengi walitikisa kichwa. Walisema mtu hawezi kuwa amelala na anajitambua kwa wakati mmoja. Bila shaka aliamka kidogo bila kujua.

Ndipo akatokea mwanasaikolojia kijana, Keith Hearne. Yeye alijua jambo lililogunduliwa Chicago mwaka 1953: kuna kipindi cha usingizi ambacho macho hucheza haraka chini ya kope, na ndoto nyingi zilizo wazi hutokea hapo. Wataalamu hukiita usingizi wa REM. Katika kipindi hicho ubongo huilegeza misuli ya mwili ili usije ukatekeleza unachokiota, ukampiga mwenzako kiwiko au ukatoka mbio kitandani. Misuli ya kupumua huachwa. Ya macho pia huachwa.

Hearne akaona kwamba mlango mdogo ulio wazi ni macho. Alimpata Alan Worsley, mtu aliyekuwa akiota ndoto za kujitambua tangu utotoni, wakapatana: ukijikuta ndotoni na ukajua unaota, peleka macho kushoto na kulia, kushoto na kulia, kwa mpangilio. Worsley akalala katika maabara ya usingizi, nyaya zimebandikwa kichwani na pembeni mwa macho, kalamu za mashine zikichora usiku kucha. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 1975, baada tu ya saa mbili, katikati ya usingizi wa REM, kalamu ya macho ilianza kuchora mistari mikubwa iliyopangana. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Huku vipimo vingine vyote vikionyesha kwamba mtu amelala.

Miaka michache baadaye, upande wa pili wa dunia, Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifanya jaribio la namna hiyohiyo bila kujua kazi ya Hull. Matokeo yake yalichapishwa 1981, na hapo ubishi ukaanza kuisha.

Tulikaa kwenye benchi pale chuoni, kahawa mkononi, nikamsimulia mume wangu yote haya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo, Mama Imani, jamaa hakuruka angani wala nini. Alikumbuka ahadi tu."

Nikaona amelisema vizuri kuliko vitabu. Watu wengi wakisikia habari hizi wanafikiria kupaa, kukutana na mastaa, kutumia pesa zisizoisha. Lakini kiini cha ujuzi huu ni kukumbuka, ukiwa ndani ya ndoto, jambo ulilokusudia ukiwa macho. Anayeweza hilo anaweza mengi. Asiyeweza hilo hataruka popote.

JINAMIZI LINATOKA WAPI?

Kulegea kwa misuli kunaeleza jambo lingine ambalo kwetu tunalijua sana. Wakati mwingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Unaona chumba, unasikia saa ya ukutani, lakini huwezi kunyanyua kidole. Kifua kizito kama umekaliwa, na mara nyingi unahisi kuna mtu chumbani. Bibi zetu wakasema: umekabwa na jinamizi.

Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipozuka Pemba na kufika Unguja hadi Dar es Salaam, watu walilala nje kwa makundi, wakiogopa kiumbe kinachowalemea usiku. Baadhi ya watafiti walioichunguza hofu ile waliihusisha na hali hii ya mwili kuchelewa kufunguka. Simulizi za mtaani zilifanya mengine yaliyobaki.

Nakueleza haya kwa sababu ukianza mazoezi huenda ukakutana na hali hiyo. Usipapatike. Pumua taratibu, jaribu kuchezesha ncha za vidole vya miguu, nayo itapita. Ukilala chali huja zaidi, basi lala ubavu.

NCHI YA TANGAWIZI MBICHI

Katika mji mkongwe wa Hull kuna kimtaa kifupi kinaitwa Land of Green Ginger, yaani Nchi ya Tangawizi Mbichi. Si utani, ndivyo kibao kinavyosomeka ukutani. Jina lilitoka wapi, wenyewe wanabishana mpaka leo. Katika mtaa huo kuna kijidirisha chembamba cha hoteli ya zamani ya George, ambacho wenyeji hujisifu kwamba ndicho kidogo kuliko vyote Uingereza.

Sijapata kuona mahali pazuri zaidi pa kufanyia zoezi la kwanza. Simama, soma kibao. Tazama pembeni. Soma tena. Kama maandishi ni yaleyale, basi uko macho, bwana. Ndotoni maandishi hayatulii: ukiyarudia, herufi zimehama au jina limekuwa lingine. Zoezi la pili: bana pua kwa vidole, funga mdomo, ujaribu kuvuta pumzi. Ukiwa macho haipiti. Ndotoni inapita vizuri tu, kwa sababu pua iliyoko kitandani haijabanwa. La tatu: hesabu vidole vya mkono. Ndotoni huwa sita, saba, au vinayeyuka.

Siri ni kufanya hivyo mara kadhaa kwa siku na kujiuliza kweli, "Je, hivi sasa naota?" Si kwa mazoea kama mtu anayepiga muhuri barua. Angalia ulikotoka, ulifikaje hapo, kuna nini kisicho cha kawaida. Ukizoea kujiuliza mchana, swali litakufuata usiku.

USIKU, WAWILI KITANDANI

Sehemu ya usiku ina hatua tatu, na tulizianza Hull palepale kwenye chumba chetu.

Ya kwanza ni daftari. Ukiamka tu, kabla ya kujigeuza na kabla ya kushika simu, andika unachokikumbuka, hata kama ni neno moja: "mvua", "shangazi", "mtihani". Usiyekumbuka ndoto zako, hata ukijitambua ndani yake utasahau. Baada ya wiki chache utaona mambo yanayojirudia, na hayo ndiyo alama zako. Halafu ushauri wa bure kwa walio kwenye ndoa: tumia daftari la karatasi. Ukiandika kwenye simu saa kumi za usiku, umejifunika shuka, uso unang'aa kwa mwanga wa kioo, maswali utakayoulizwa hayatahusu ndoto.

Ya pili ni nia. Njia hii aliibuni LaBerge. Unapokaribia kusinzia, ikumbuke ndoto uliyoiota karibuni, jione umo ndani yake na umegundua kwamba ni ndoto, huku ukijisemea polepole: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Rudia ukiwa unamaanisha mpaka usingizi ukuchukue.

Ya tatu ni muda. Usingizi wa REM huja kila baada ya dakika 90 hivi, na vipindi vyake hurefuka kuelekea alfajiri. Kwa hiyo lala kwanza saa tano hivi, amka dakika chache, fanya zoezi la nia, kisha rudi kulala. Simu yako itetemeke chini ya mto wako, isipige mlio wa kumwamsha mwenzako anayewahi foleni ya Ubungo. Na usifanye kila siku. Chagua usiku wa Ijumaa au Jumamosi, kesho yake mna nafasi ya kulipa deni la usingizi.

Je, inafanya kazi? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, wa mwaka 2017 ulijaribu kuunganisha mazoezi haya: maswali ya mchana, kuamka baada ya saa tano, na nia. Kiwango cha mafanikio katika wiki moja kilikuwa asilimia 17. Waliorudi usingizini ndani ya dakika tano baada ya zoezi la nia walifanikiwa karibu asilimia 46 ya majaribio. Kumbe hata kwa wanaojitahidi, usiku mwingi hupita bila kitu. Ukishindwa wiki ya kwanza, hujashindwa. Umelala tu, na kulala nako ni faida.

BASI LA SAA TISA USIKU

Sasa niseme ile sababu nyingine. Mwenzangu alinusurika ajali ya basi miaka miwili kabla ya safari hiyo. Mwili ulipona haraka. Usingizi haukupona. Mara mbili au tatu kwa wiki, kama saa tisa usiku, alikuwa anapiga ukelele na kukaa kitandani jasho likimtoka. Ndoto ni ileile: yuko barabarani, taa za basi zinakuja, miguu imekuwa ya chuma. Mimi nikawa nalala nikisubiri ukelele. Mtoto akaanza kuogopa giza. Nani amewahi kuishi hivyo anajua: ndoto ya mmoja inakula nyumba nzima.

Daktari alikuwa ameshamwanzishia zoezi la kuiandika ndoto hiyo upya mchana, kuipa mwisho mwingine, na kuurudia mwisho huo kichwani kila siku. Hiyo ni tiba inayotambulika vizuri. Mwaka 2018 Akademia ya Tiba ya Usingizi ya Marekani iliipendekeza kwa wenye majinamizi sugu, na kwenye orodha ya njia nyingine zinazoweza kutumika ikaweka pia mafunzo ya ndoto za kujitambua. Tukaziunganisha. Mwisho aliouchagua mwenyewe ulikuwa mfupi: anatoka barabarani, anakaa kwenye nyasi, basi linapita.

Hull hakuota lolote la maana. Tulirudi Dar, daftari likaendelea. Katika wiki ya sita aliniamsha kwa kunigusa bega, bila ukelele. "Mama Imani, limepita." Akaeleza kwamba basi lilipokaribia aliona maandishi ya kioo cha mbele. Kwanza yalisoma Moro, akatazama tena yakawa herufi zisizo na maana. Hapo akajua. Hakulipasua basi wala hakuruka juu yake. Alitembea hatua nne pembeni, akakaa.

Je, majinamizi yamekwisha? Hapana. Huja mara moja moja, na bado anaonana na daktari wake. Lakini siku hizi mtu anayekwenda kulala nyumbani kwetu si yule aliyekuwa anaogopa mto. Mimi nami nimejifunza zamu yangu: nikimwona anahangaika, namwita jina taratibu na kumshika mkono. Simtikisi.

MAMBO YA KUWA NAYO MAKINI

Mazoezi haya si ya kila mtu. Kama wewe au ndugu yako wa karibu amewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo, usianze bila kuongea na daktari, maana kuichezea mipaka ya ndoto na uhai wa macho kunaweza kuleta shida. Ukikosa usingizi wa kutosha, acha kujiamsha usiku kwanza. Ubaki na daftari na nia tu. Majinamizi yanayofuatia ajali, kipigo au ubakaji yanahitaji mtaalamu, si makala. Na epuka dawa za kuongeza ndoto zinazouzwa mitandaoni.

KAMA MNA SIKU MBILI HULL

Siku ya kwanza nendeni chuoni asubuhi, mchana Land of Green Ginger, kisha nyumba ya Wilberforce iliyoko High Street. William Wilberforce, aliyezaliwa hapo 1759, aliongoza mapambano bungeni dhidi ya biashara ya utumwa, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Kwa sisi tunaokumbuka soko la Zanzibar lililofungwa 1873, hapapitiki kwa haraka. Jioni ulizeni "pattie", viazi vilivyopondwa na kutiwa majani ya seji, vikachovywa kwenye unga na kukaangwa. Huliwa na chipsi zilizonyunyiziwa viungo vyekundu ambavyo watu wa Hull hawakubali kula bila hivyo. Mpenzi wa chipsi mayai hatajuta.

Siku ya pili nendeni The Deep, jumba la samaki na papa lililofunguliwa 2002 pale mto Hull unapoingia Humber. Baadaye tembeeni kwa miguu juu ya daraja la Humber. Lina urefu wa mita 2,220, lilifunguliwa 1981, na nafasi kati ya nguzo zake kuu mbili, mita 1,410, iliongoza duniani kwa daraja la kuning'inia hadi 1998. Vaeni makoti. Upepo wa pale hauna huruma.

Tulipokuwa katikati ya daraja hilo nilimweleza mume wangu kilichofuata baada ya Worsley. Mwaka 2021 maabara nne, za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, zilichapisha matokeo ya kuzungumza na watu 36 wakiwa ndotoni. Sasa haikuwa ishara ya upande mmoja. Walio macho waliuliza, waliolala wakajibu. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akapeleka macho kushoto na kulia mara mbili. Katika majaribio 158, majibu sahihi yalikuwa kama asilimia 18. Ni machache, lakini kila jibu lilitoka mahali ambapo zamani ilidhaniwa hakuna anayesikia.

Kwa hiyo usiku huu weka daftari na kalamu kando ya kitanda. Patana na mwenzako mtumiane ishara gani ikiwa mmoja anaota vibaya, na asubuhi mpeane dakika tano za kusimuliana kabla ya simu. Hata kama ndoto ya kujitambua itachelewa mwezi mzima, mtakuwa mmejua kila mmoja analala na nini kichwani. Ndoto njema.